Mwembe Uliokatazwa: Mkulima, Aila na Hati ya Ardhi katika Utubora Mkulima na Nyota ya Rehema

Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja ambalo uhakiki wetu wa riwaya umezoea kulipita kwa haraka: mhusika mkulima anapolima, ardhi anayoilima ni ya nani, na jasho lake linampa haki gani juu ya ardhi hiyo? Tumeandika mengi kuhusu utu wa mkulima, tabaka lake, bidii yake na unyonge wake. Wanafunzi wetu huweza kuorodhesha sifa za Utubora bila kufungua kitabu. Lakini ukiwauliza mipaka ya shamba lake iko wapi, na ni nani aliyeiweka, hukaa kimya. Kimya hicho, kama tutakavyojaribu kuonyesha, si kosa lao peke yao.

Swali hili sikulipata maktabani. Nililelewa Shimanzi, katika kisiwa cha Mombasa, mtaa wa maghala, matangi ya mafuta na njia za reli. Pengine ndipo mahali pa mwisho ambapo mtu angefikiria kumtafuta mkulima. Hata hivyo wanaume waliobeba magunia katika maghala yale, baba yangu akiwa mmoja wao, wengi walikuwa wakulima. Jumamosi jioni walivuka kwenda ng'ambo, kila mmoja kwenye konde lake, na Jumatatu walirudi kazini na udongo katika kucha. Baba alilima mahindi, kunde na muhogo katika ardhi ya mtu kwa miaka kumi na saba. Sharti lilikuwa moja, na hata sisi watoto tulilijua: usipande mti. Si mwembe, si mnazi, si mkorosho. Panda kitakachovunwa mwaka huu. Mwaka mmoja kokwa la embe alilolitupa mama nyuma ya kibanda liliota, na baba akaling'oa chipukizi lile kabla mwenye shamba hajaja kuchukua ijara yake. Aling'oa kwa upole, kama mtu anayeondoa mwiba mguuni mwa mtoto.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya sharti lile. Kwa desturi ya pwani, mwenye mti na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili mbalimbali. Mnazi huuzwa, hurithiwa na huwekwa rehani bila udongo ulio chini yake. Kwa hiyo mti ni dai. Aliyeruhusiwa kupanda mwembe ameruhusiwa kubaki mpaka mwembe uzae, na aliyebaki mpaka mwembe ukazaa si rahisi tena kumwondoa. Baada ya utumwa kupigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na baada ya sheria ya mwaka 1908 kuwataka wenye madai ya ardhi wajitokeze na kuyasajili, waliojua njia ya ofisini walitoka na hati. Wengi katika waliokuwa wakilima, Wamijikenda na waliokuwa watumwa, walijikuta wakiishi juu ya ardhi ambayo kwa maandishi ilikuwa ya mtu mwingine au ya serikali ya kikoloni. Hao ndio walioitwa maskwota, na vitukuu vyao wangali wakiitwa hivyo. Neno hilo halielezi mtu anafanya nini. Linaeleza tu kwamba hana karatasi.

Hata lugha yetu haikuwa na haraka ya kumtambua mkulima wa huko. Nyika, katika kinywa cha mtu wa mjini pwani, ni uwanda mkavu wa kupita njiani: mahali pa kiu, wanyama na misafara. Wenyeji wake waliitwa Wanyika kwa muda mrefu kabla ya jina la Wamijikenda kushika, kana kwamba walikuwa sehemu ya kichaka. Ardhi ikishaitwa tupu, anayeilima haonekani. Fasihi iliyozaliwa katika lugha hii imerithi upofu huo kwa kiasi fulani, na ndiyo maana inatupasa kuzisoma kwa makini riwaya chache zilizojaribu kumweka mkulima na aila yake katikati ya masimulizi.

Tuanze na ile inayojulikana zaidi. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo cha mtunzi wake. Kiini cha kisa chake kinafahamika: Utubora ana kazi ya mshahara mjini, anaiacha, na anakwenda Busutamu kuishi kwa jembe. Radhia, aliyepaswa kuwa wake, ameolewa na Makuu. Na hatimaye mambo yanajirekebisha kwa namna inayotazamiwa katika ulimwengu wa Shaaban Robert, ambamo jina la mtu ni hatima yake. Riwaya ilitoka mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na wakati huo ulikuwa na njaa ya mhusika wa aina hiyo: msomi anayekataa makuu ya mji na kurudi kwenye udongo. Si ajabu kwamba ilipokewa kama riwaya ya mkulima, na imeendelea kusomeshwa hivyo.

Lakini je, ni riwaya ya mkulima? Kwa maoni yetu ni riwaya ya mtu anayeacha kazi, na kilimo ndani yake ni jina la uhuru wa nafsi. Shamba la Busutamu linatii. Adui wa Utubora hayuko shambani. Yuko mjini, katika tamaa na fahari. Mvua, nguruwe, deni la mbegu, miezi ya njaa kabla ya mavuno, mambo ambayo mkulima yeyote huyazungumza kabla hajamaliza salamu, hayaigeuzi riwaya hata kidogo. Na zaidi ya yote, swali la nani alikuwa na dai juu ya ardhi ile kabla ya Utubora, au nani angeweza kumtoa kesho, halipewi uzito. Utubora anapanda anachotaka. Angeweza kupanda miembe elfu.

Tutajibiwa kwamba Busutamu ni mahali pa istiari, kama nchi nyingine za kubuni za mtunzi huyu, na kwamba kumdai mtunzi wa istiari ramani na mawe ya mipaka ni kumwonea. Hoja hii ina nguvu, na sina nia ya kuipuuza. Hata hivyo, kuna jambo katika maisha ya Shaaban Robert ambalo kila nikilikumbuka hunifanya nitabasamu kwa masikitiko kidogo. Mtu huyu alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka ya 1950 alifanya kazi Tanga katika ofisi ya upimaji ardhi. Mtunzi wa shamba lisilo na mpaka alishinda mchana kutwa miongoni mwa ramani za mipaka. Huenda ndiyo sababu: huenda alipofika nyumbani na kushika kalamu yake mwenyewe alitaka mahali ambapo hakuna mpimaji. Hilo linaeleweka, na linampa Utubora huzuni ambayo wasomaji wa shuleni hawaioni. Tatizo si kwamba Shaaban Robert aliandika njozi. Tatizo ni kwamba sisi walimu tumeisomesha njozi ile kama picha ya maisha, na mwanafunzi anayetoka Magarini au Mpeketoni akaambiwa kwamba mkulima ni yule.

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1976, inasomeshwa zaidi kama riwaya ya mwanamke aliyeonewa, na hakika ni hivyo. Rehema ni binti wa Fuad, mwenye mali na ardhi. Anazaliwa katika nyumba isiyomtaka, analelewa pembezoni, anakimbilia mjini, na mji unamtumia kama unavyowatumia wasichana wasio na mtu. Wahakiki wengi husimama hapo. Mimi naona riwaya inaanza upya pale Rehema anapokutana na Sulubu na wawili hawa wanapoanza maisha ya jembe. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza riwaya ya Kiswahili inatuonyesha aila ya wakulima ikijijenga kutoka chini kabisa, kwa mikono yake, bila msaada wa bahati wala wa jina zuri.

Jina lenyewe, tulitazame. Utubora ni dhana; Sulubu ni mwili. Sulubu ni nguvu na ukakamavu wa mtu wa kazi, na wakati huo huo masikio yetu hayawezi kukwepa kusulubiwa na kusulubika. Mtunzi hakumpa mkulima wake jina la fadhila. Alimpa jina la kazi na maumivu, akamwacha aishi nalo. Na kazi katika riwaya hii haipambwi, inachosha. Pendo la Rehema na Sulubu halielezwi kwa mafumbo ya mashairi ya mapenzi bali kwa kufanya kazi pamoja, na kwangu mimi hilo ni mojawapo ya maelezo ya ndoa yenye heshima zaidi katika fasihi yetu.

Kisha linakuja suala la ardhi. Fuad, baba, anampa Rehema kipande cha ardhi. Anampa kwa mdomo. Hakuna hati, hakuna aliyekwenda ofisini. Fuad anapokufa, Salma, binti wa ndoa nyingine, na Karim mumewe, wanakuja na dai la mrithi, na dai lao lina kila kitu ambacho Rehema hana. Neno la marehemu haliwezi kuitwa shahidi. Miaka ya kulima haisomeki popote. Hasira ya Sulubu inaishia katika mauaji.

Wapo wanaouona mwisho huu kuwa wa haraka, au wa kimelodrama. Nimewahi kuufikiria hivyo mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi. Leo nauona tofauti. Ukilisoma suala zima kwa mtazamo wa haki ya ardhi, hakuna mlango ambao mtunzi ameufunga kwa hila ili kumsukuma Sulubu kwenye damu. Milango yote ilikuwa imefungwa tangu Fuad alipofungua kinywa chake badala ya kushika kalamu. Lawama ya riwaya haiko juu ya Karim peke yake. Karim ni mtu mwenye karatasi anayefanya kile ambacho watu wenye karatasi hufanya. Lawama iko juu ya baba aliyedhani kwamba mapenzi yake ya mwishoni yangeweza kusimama mahali pa hati, na juu ya utaratibu uliomfanya Sulubu, baada ya jasho lote lile, awe mgeni katika shamba lake.

Inafaa kukumbuka ni wakati gani mtunzi alikuwa akiandika, na juu ya wakati gani. Unguja na Pemba kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 zilijaa watu waliolima mazao ya chakula katika mashamba ya mikarafuu ya wengine kwa ruhusa ya mdomo, wakiruhusiwa muhogo na kunde, wakikatazwa miti ya kudumu. Na katika zama za siasa, mwishoni mwa miaka ya 1950, wengi wao walifukuzwa. Kuanzia mwaka 1965 serikali ya Mapinduzi iligawa eka tatu tatu kwa aila zisizo na ardhi. Riwaya iliyochapishwa mwaka 1976 ingeweza kwa urahisi kumalizia na eka tatu za Sulubu na Rehema, na ingepigiwa makofi. Mohamed Suleiman hakufanya hivyo. Aliwaacha wahusika wake ndani ya utaratibu uliokuwepo, ili tuuone.

Ili uzito wa jambo hili uonekane, nitaomba ruhusa ya kuvuka bahari. Fasihi ya Marekani ina utanzu mzima wa mkulima wa nyika, na chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1862, ambayo Rais Lincoln aliitia saini mwezi Mei mwaka huo. Sheria hiyo ilimpa mtu eka 160 kwa ada ndogo, kwa sharti kwamba ajenge nyumba, alime, na aishi hapo miaka mitano. Yaani sheria ile ilisema wazi kile ambacho desturi ya pwani yetu ilikikataa: kulima ni kumiliki, mradi umekaa. Zaidi ya madai milioni moja na nusu yalikubaliwa kabla ya mpango ule kwisha. Willa Cather, aliyehamia Nebraska na wazazi wake akiwa mtoto, mwaka 1883, aliandika O Pioneers! mwaka 1913 kuhusu aila ya Wasweden katika uwanda huo. John Bergson anakufa baada ya miaka kumi na moja ya kupambana na ardhi isiyofugika, na anamwachia usimamizi binti yake Alexandra badala ya wanawe wa kiume. Alexandra anang'ang'ania wakati majirani wanauza na kuondoka, na mwishowe anatajirika.

Kuna onyesho moja katika riwaya ile ambalo huwasomea wanafunzi wangu kando ya Nyota ya Rehema. Ndugu zake Alexandra, Lou na Oscar, wakihofia kwamba ataolewa na mali itatoka nje ya ukoo, wanamwambia kwamba mali ya aila ni ya wanaume wa aila. Ni hoja ile ile tunayoijua nyumbani, kwa lafudhi nyingine. Alexandra hapigi kelele. Anawaambia waende kwa karani wa wilaya wakamwulize ardhi ile ni ya nani na kama hati zake ni halali. Mazungumzo yanaisha. Huzuni ya riwaya ile baadaye inatoka kwingine kabisa, katika wivu na mapenzi. Damu inamwagika, lakini si kwa ajili ya ardhi, kwa maana suala la ardhi limekwisha kumalizwa na karani.

Rehema angemwambia Karim aende kwa nani? Hapo ndipo riwaya hizi mbili zinapoachana. Wanawake wawili, baba wawili wanaokufa, ardhi mbili zilizotolewa kwa binti, ndugu wenye uchu. Tofauti si tabia ya wahusika. Rehema hapungukiwi na ushupavu wa Alexandra. Tofauti ni ofisi. Na kwa sababu hakuna ofisi ya kumsikiliza Rehema, riwaya inamkabidhi Sulubu mgogoro ambao kwa haki ulikuwa wa mkewe. Hili ndilo jambo ninalomlaumu Mohamed Suleiman, ikiwa lawama inaruhusiwa: aliyepewa ardhi ni Rehema, lakini anayeupeleka mgogoro kwenye mwisho wake ni Sulubu. Baada ya kutupa mwanamke aliyejinasua kwa akili yake kutoka katika nyumba ya baba na kutoka mjini, mtunzi anaacha shamba lake liamuliwe kwa mkono wa mume. Cather hakuhitaji mkono wa mtu. Alikuwa na karani.

Hata hivyo tusimsifu karani yule kupita kiasi. Eka zile 160 hazikuwa tupu. Uwanda wa Nebraska ulikuwa wa Wapawnee, Waomaha na mataifa mengine, walioondolewa kwa mikataba na kwa nguvu ili iwepo ardhi ya kugawa, na katika riwaya ya Cather wao karibu hawaonekani kabisa. Sheria iliyosema kwamba kulima ni kumiliki haikuwahesabu wanawake wa Kipawnee waliolima mahindi kandokando ya mito ile kwa karne nyingi. Ofisi iliyomlinda Alexandra ndiyo iliyowafuta hao. Kwa hiyo anayetaka kumpata mwenzake Rehema katika nyika ya Marekani asimtafute katika nyumba ya akina Bergson. Amtafute miongoni mwa wale ambao Cather hakuwaandika. Usajili wa mwaka 1908 katika pwani yetu ulikuwa na sura hizo mbili pamoja, ukimpa mmoja hati na kumgeuza mwingine kuwa skwota kwa wino ule ule.

Tangu wakati huo serikali zetu zimekuwa na nyika zao za kugawa. Gedi katika miaka ya 1930, Shimba Hills baadaye, Mpeketoni kandokando ya Ziwa Kenyatta katika miaka ya 1970, Magarini kwa fedha za Australia kuanzia mwisho wa miaka hiyo hiyo: kote huko aila zilipelekwa au zilijipeleka, zikafyeka, zikasubiri mvua, zikasubiri na hati. Magarini wafadhili waliondoka bila ya kilichokusudiwa kutimia, na wageni waliandika kitabu kizima kuhusu kushindwa huko. Katika riwaya za Kiswahili ninazozijua, sijaiona aila hata moja ya hizo. Euphrase Kezilahabi aliwaandikia wakulima wa vijiji vya Ujamaa Gamba la Nyoka mwaka 1979, na katika Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, alimpeleka Tumaini mpaka kwenye mti wa kunyongwa kwa sababu ya shamba. Lakini Tumaini ni mwenye shamba kubwa anayenyang'anywa na dola, na kisa chake ni kingine. Mkulima wa konde moja, anayehesabu miaka huku akikatazwa kupanda mti, bado anamsubiri mtunzi. Wala asije mtu akamwandikia Busutamu nyingine.

Mwaka uliopita, katika darasa la riwaya, mwanafunzi mmoja wa kike kutoka upande wa Kilifi aliuliza swali ambalo halikuwa katika maswali yangu ya mjadala. Alitaka kujua kama sheria ya Kenya, inayompa nafasi ya kudai ardhi mtu aliyeikalia wazi kwa miaka kumi na miwili bila ya idhini ya mwenyewe, ingemsaidia Sulubu kama riwaya ingekuwa ya upande huu wa bahari. Nilimjibu kwamba neno la hatari hapo ni idhini: aliyekaa kwa ruhusa ya mwenyewe, au kwa kulipa ijara, miaka yake haihesabiwi. Aliandika jibu hilo, kisha akauliza kama kung'oa chipukizi la mwembe ni ushahidi wa idhini. Nilikuwa nimewasimulia habari ya baba wiki iliyotangulia. Niliwaambia wafungue sura inayofuata.